Mzee Barzilai na Mlima wa Gisozi

Somo: 2 Samweli 17:27-29 na 19:31-39



Neno la mwezi huu ni kwa wazee, na sisi tunaoliandika tumo katika hesabu hiyo. Kambi ya Kiziba ilianzishwa Desemba 1996. Aliyeingia pale akiwa na miaka 35, mtoto mgongoni, leo amepita 60, na mtoto yule sasa ana watoto wake. Wenzetu wa Gihembe, kambi iliyoanzishwa mwaka 1997, walihamishwa tena mwaka 2021 wakapelekwa Mahama. Tulisema tutakaa miezi michache, na tazama, tumezeekea hapa.

Wapendwa, hatari yetu ni kungoja. Mtu anakaa mlangoni asubuhi mpaka jioni, akisema maisha yake yataanza tena siku ya kurudi nyumbani. Miguu inakauka kwa kukaa, kisha moyo nao unakauka. Anaacha kuja maombi ya katikati ya juma. Anaacha kuuliza habari za jirani. Wajukuu wakimjia hawasikii tena hadithi, wanasikia majina ya maadui tu.

Baadhi yetu tumepanda mlima wa Gisozi, pale Kigali, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ukumbusho ule ulifunguliwa mwaka 2004, na watu zaidi ya 250,000 wamezikwa pale. Kuna sehemu ya watoto, yenye picha zao, na chini ya picha imeandikwa kile mtoto alichopenda. Tulisimama pale bila neno. Tulipotoka nje tulijiuliza swali moja: ni nani aliyewafundisha wauaji? Chuki ile haikuota kwa siku moja. Ilifundishwa miaka mingi, na waliofundisha walikuwa watu wazima. Basi sisi tunawamiminia nini wajukuu wetu jioni, tukikaa karibu na moto?

Katika nchi hii wako wazee ambao watoto wao wote waliuawa mwaka ule. Zamani waliitwa incike, watu waliobaki bila mtoto. Baadaye wakapewa jina la Intwaza, la kusifu uimara wao. Wengine wanaishi pamoja katika nyumba ziitwazo Impinganzima, huko Bugesera, Huye, Nyanza na Rusizi. Kama kuna mtu mwenye sababu ya kufunga moyo, ni mzee wa namna hiyo. Lakini asubuhi hata yeye anahitaji mtu wa kumwamkia na mtu wa kuongea naye.

Sasa tumtazame Barzilai Mgileadi. Daudi alikuwa mkimbizi, amefukuzwa na mwanawe mwenyewe, amefika Mahanaimu na watu wake wenye njaa na uchovu. Barzilai na wenzake wawili wakawaletea vitanda, vyombo, unga, maharagwe, asali na kondoo. Barzilai alikuwa mzee wa miaka 80. Hakusema, "Mimi nimezeeka, vijana watashughulika." Na Daudi aliporudi, mzee huyo alishuka kutoka Rogelimu akamsindikiza mpaka kuvuka Yordani.

Mfalme akamwalika Yerusalemu. Barzilai akakiri wazi kwamba hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji. Hakuona haya kwa uzee wake. Akamtoa Kimhamu aende badala yake, yaani akampisha kijana. Yeye mwenyewe aliomba kurudi afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake.

Hapo ndipo somo linatuuma. Wengi wetu hatujui kama tutazikwa karibu na wazazi wetu. Hatutawadanganya kwamba jambo hilo ni dogo. Twende nalo mbele za Bwana tukilia. Lakini mahali pa kaburi hatukupewa sisi kupachagua. Mkono wa kumpokea aliyefika jana na njaa tunao bado.

Kwa hiyo tunawasihi, na kujisihi wenyewe. Tutembee kila siku, hata kama ni mpaka bombani na kurudi. Tangu mwaka 2016, mjini Kigali barabara nyingine hufungwa kwa magari Jumapili fulani, na watu, wazee kwa vijana, hutembea na kukimbia, na kupimwa presha na sukari. Sisi nasi tukipita kituo cha afya tuombe kupimwa, tusingoje kuanguka. Tuwaamkie majirani kabla hawajatuamkia. Familia mpya ikifika, tuwe wa kwanza kubisha hodi. Tuwafundishe wajukuu majina ya vijiji vyetu, mito yetu na nyimbo zetu, na tusiwarithishe chuki. Tuwaachie vijana nafasi kanisani, kama Kimhamu alivyoachiwa.

Na ninyi vijana, msiwapite wazee mlangoni. Washikeni mkono, mtembee nao.

Bwana atupe miguu ya kutembea na moyo ulio wazi mpaka siku ya mwisho. Amina.