Mcheza Kamari na Mchimba Shimo



Jumapili moja, baada ya Sala ya Jioni, mama mmoja wa mtaa wetu aliningoja mlangoni pa kanisa. Tulipokwisha kuamkiana akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu ni mwenye dhambi, au ni mgonjwa?"

Kijana wake ni dereva wa bodaboda. Pikipiki si yake. Ameichukua kwa mkataba, na kila jioni hupaswa kumpelekea mwenyewe hesabu. Kwa miezi kadhaa hesabu hiyo ilikuwa ikiishia katika kubeti kwa simu. Mwisho ikauzwa cherehani ya mama, ile ile iliyomsomesha.

Nilimjibu upesi, kama tulivyozoea sisi walimu, kwamba mtu mzima ana hiari yake, na aliyejitia mwenyewe na ajitoe mwenyewe. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile.

Sikusema uongo. Hakuna aliyemshika kijana mkono akambonyezea simu. Tukimwondolea lawama yote tutakuwa tumemwondolea na utu wake, maana asiyeweza kulaumiwa hawezi kutubu pia. Walakini nilitazama upande mmoja tu wa jambo.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iko sheria ya mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi: mnyama wa jirani akitumbukia humo, mchimbaji hulipa. Mtu atasema ng'ombe hana akili, mwanadamu anayo. Haya, tusome na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Hapo mwenye kujenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo huko juu darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Wanaopanda darini ni watu wenye macho na akili zao. Hata hivyo mjenzi hakupewa ruhusa ya kujitetea kwamba mgeni angetazama anapokanyaga.

Basi tulitazame shimo lenyewe, kwa hesabu ya darasani. Tuseme kila mechi ni kama kurusha sarafu, na kampuni hulipa shilingi 1.90 kwa kila shilingi 1 ukipatia. Kwa mechi moja kampuni hubaki, kwa wastani, na shilingi 50 katika kila 1,000. Si nyingi. Lakini vijana hawachezi mechi moja, hutandika mkeka. Mkeka wa mechi tano hutiki mara 1 katika 32. Kwa haki, aliyeweka 1,000 angelipwa 32,000. Atalipwa kama 24,760. Hapo kampuni imebaki na shilingi 226 hivi katika kila 1,000, na kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo fungu lake linavyonenepa. Naye kijana, mkeka ukichanika kwa mechi moja, huona kwamba alikaribia sana.

Zamani mcheza kamari alitoka nyumbani, akaonekana na watu, na fedha za mfukoni zilipokwisha alirudi. Aibu na umbali vilikuwa ukingo wake. Leo simu iko chini ya mto saa nane usiku, na akiba yote imo humo humo, na mikopo pia. Ule mchezo wa ndege inayopaa huisha kwa sekunde chache, na mwingine umekwisha kuanza. Shirika la Afya Duniani limeuhesabu uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa, katika orodha yake inayotumika tangu Januari 2022. Mtume Paulo, katika Warumi 7, hakuhitaji orodha hiyo ili kujua kwamba mtu aweza kutenda lile analolichukia.

Ndiyo maana nauona ule wito wa "cheza kwa kiasi" kuwa ni dhihaka. Kiasi ndicho hasa alichokipoteza yule anayeambiwa.

Hata hivyo hiari haijamtoka mtu kabisa. Ina saa zake. Mchana, akili ikiwa imetulia, mtu aweza kuamua jambo ambalo usiku hataliweza. Uingereza kuna mpango uitwao GAMSTOP. Mtu hujiandikisha mwenyewe kwa muda wa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na tangu 31 Machi 2020 kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni ya huko hulazimika kumkatalia. Akibadili nia usiku wa tatu, hafunguliwi mpaka muda alioutaja uishe. Aprili mwaka huo huo huko ikakatazwa kucheza kwa kadi za mkopo. Alan Smith wa Kanisa letu la Kianglikana, akiwa Askofu wa St Albans, alilipigania jambo la kamari kwa miaka mingi katika Baraza la Malodi, na sikusikia mtu akimwambia ameacha Injili.

Kwetu Tanzania iko Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi yake, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ni vizuri. Lakini dereva wetu ana miaka 26. (Nasi tusijisahau: tulipojenga nyumba ya kasisi tuliuza tiketi za bahati nasibu, na mimi nilikuwa mwenye kuzihesabu.)

Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Akanieleza kwamba kijana, kwa shauri lake mwenyewe, alikuwa amemkabidhi laini yake ya simu, akae nayo tangu jioni hata asubuhi. Mama aliiweka katika simu yake ya kitochi. Wiki ya tatu ukaingia ujumbe wa kampuni. Hakuwa na miwani, akaniomba nimsomee: wamemkumbuka kijana, wamempa shilingi 1,000 za kubeti bure, karibu tena.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza ni nani aliyewaambia kwamba mwanawe alikuwa ameacha.