Kuchagua Masomo ya Chuo Kikuu: Ni Haki ya Nani?



Kila mara matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yatangazwapo hapa Kenya, nyumba zetu huingia katika shughuli kubwa. Furaha ikishatulia huja swali: mtoto akasome nini? Mmoja husema udaktari, wa pili husema sheria, wa tatu huuliza ni kozi gani yenye mshahara mnono. Maneno yote hayo yana mahali pake. Lakini twaona liko swali la kutangulia ambalo ni nadra kuulizwa: ni nani mwenye haki ya kuchagua, na achague kwa nia gani?

Swali hili hatukulizua kwa kupenda mabishano. Tuliletewa. Mzee mmoja katika wahudhuriao darasa letu, mtu wa kheri na mpenda elimu, alibaki nyuma usiku mmoja wenziwe walipoondoka, akatusimulia aliyoyafanya. Binti yake mkubwa alifuzu vyema, khasa katika hesabu na fizikia, naye alitaka kusomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kilicho mbali na kwao. Baba alikhofia umbali, na alikhofia maneno ya watu. Basi kwa kuwa namba ya mtihani na neno la siri vilikuwa mkononi mwake, aliketi peke yake usiku, akaufuta uhandisi, akaweka ualimu katika chuo cha karibu. Binti hakujua mpaka siku majibu yalipotoka. Alilia siku moja, kisha akasema, "Wewe ni baba yangu," akaenda kusoma. Leo ni mwalimu, na wanafunzi wake wampenda. Sasa mdogo wake naye amefuzu, na mzee atuuliza: "Si mambo yalikwenda vyema? Je, na huyu nimfanyie vivyo hivyo?"

Usiku ule hatukuwa na jibu. Tuliyoyafikiri baadaye ndiyo haya.

Kwanza yatupasa tuijue shughuli yenyewe. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, iko idara ya serikali iliyokabidhiwa kazi ya kuwapanga wanafunzi vyuoni. Aliyepata wastani wa C+ au zaidi huweza kuomba shahada, na aliye chini ya hapo aweza kuomba diploma au cheti cha ufundi kwa kadiri ya alama zake. Mwanafunzi huandika kozi azitakazo kwa mpangilio, anayoitaka zaidi ikitangulia. Kisha walioomba kozi moja hushindanishwa kwa alama zao, na khasa alama za masomo manne yanayoihusu kozi hiyo. Nafasi zikijaa katika chaguo la kwanza, hutazamwa chaguo linalofuata.

Basi ile orodha si karatasi tupu. Ni ushahidi. Mwenye jina lile asema: mimi fulani, hili ndilo nilitakalo kwanza, na hili ni la pili. Akiandika mwingine kwa jina lake na bila ya idhini yake, ushahidi ule ni wa uongo, hata kama mwandishi ni baba na nia yake ni njema. Sisi humwambia mtoto asiibe jibu la mwenzake katika mtihani. Je, tumwambie nini tukimwibia jina lake baada ya mtihani?

Huenda akasema mtu: baba ni mlezi, naye huwakilisha wanawe katika mambo mengi. Ni kweli. Zaka yaweza kutolewa na wakili, na nikaha yaweza kufungwa na wakili. Lakini kujifunza hakuna wakili. Hakuna baba awezaye kukesha na vitabu badala ya mwanawe, wala kuuingia mtihani kwa kichwa chake. Mzigo ambao hapana budi uchukuliwe na mtu mmoja peke yake, si insafu utwikwe na mwingine asiyeuchukua. Tena twajua sote kwamba mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yaamrisha binti aulizwe katika ndoa yake. Ikiwa huulizwa nani atakaye kuishi naye, atanyimwaje kuulizwa elimu atakayoishi nayo?

Haya hatuyasemi ili kuipunguza haki ya mzazi. Haki yake ni kubwa. Yeye ndiye mwenye kulipa karo, naye ameuona ulimwengu kabla ya mwanawe. Ana haki ya kushauri, ya kuonya, ya kueleza wazi uwezo wake wa fedha, na hata ya kusema, "Mimi sikuipenda kozi hii." Na mtoto mwenye adabu hulisikiliza neno hilo kwa uzito wake. Lakini kushauri ni jambo moja, na kughushi ni jambo jingine.

Tena tusidhani kwamba mtoto akiachiwa achague, basi kila achaguacho ni sawa. Wako wanaoandika kozi kwa sababu rafiki yao ameiandika. Wako wanaopenda jina la kozi wasijue ndani yake yasomwa nini. Wako wanaoutazama mji kilipo chuo, wasikitazame chuo. Uhuru wa namna hii ni kufuata upepo. Mwenye kuchagua atajiuliza mambo matatu: nina uwezo wa fani hii? Je, nitaweza kuishi nayo miaka mingi bila ya kuichukia? Na watu wangu wanaihitaji?

Hili la tatu ndilo tunalolisahau. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu wanafunzi wa zama zake katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din. Aliona miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, na huku watu wakisongamana katika ubishi wa fiqhi kwa kutafuta vyeo na mali. Alieleza kwamba utibabu, hesabu, ukulima, ufumaji na hata ushoni ni faradhi za kutoshelezana: mji ukikosa wa kuzisimamia, wote wana dhambi. Tuitazame Pwani yetu kwa jicho hilo. Tuna bandari ya Mombasa, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Tuna chuo kikuu cha ufundi papa hapa Mombasa, ambacho asili yake ni ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyojengwa ili vijana wetu wajifunze ufundi. Hata hivyo mtoto akisema ataka kusomea mitambo ya meli, au kutengeneza umeme, wako jamaa wanaokunja uso kana kwamba amesema aibu. Asiyepata C+ akaenda kusoma ufundi kwa diploma, twamhesabu aliyeanguka. Ufundi ni elimu, na anayeudharau hujidharau mwenyewe siku bomba lipasukapo nyumbani kwake.

Uko mfano ulio karibu nasi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwenye kulitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alitamani mwanawe Ali aifuate njia ya elimu ya dini. Sheikh alifariki mwaka 1947, kijana akiwa na umri wa miaka 14. Alama za kijana katika mtihani wa shule hazikuwa za kujivunia. Alifanya kazi katika taasisi ile ile tuliyoitaja, kisha akapata njia ya kwenda Uingereza, akahitimu Manchester mwaka 1960, na akawa mwanachuoni wa siasa aliyejulikana ulimwenguni mpaka alipofariki mwaka 2014. Hakuwa kadhi. Lakini ni nani athubutuye kusema kwamba malezi ya baba yalipotea? Mtoto aweza kurithi mapenzi ya elimu kwa baba yake bila ya kurithi kozi.

Na jambo moja jingine. Wako wanaokwenda kupigiwa ramli ili waambiwe mtoto ataandika nini, na wako wanaoswali istikhara kisha wakangoja ndoto. Ramli ni upotofu. Ama istikhara, ni kumwomba Mola kheri baada ya kutafuta khabari na kushauriana na wajuzi. Asiyesoma masharti ya kozi, wala hakumuuliza aliyeisoma, hajamaliza sehemu yake.

Sasa twarudi kwa mzee wetu. Asema mambo yalikwenda vyema. Twasema: alhamdulillahi, lakini wema wa mwisho hauligeuzi kosa likawa haki. Mtu akichukua mali ya mwenzake bila ya idhini, akafanya biashara ikapata faida, faida haimfanyi kuwa mwenye mali. Binti amekuwa mwalimu mwema kwa fadhila ya Mungu na kwa subira yake mwenyewe. Subira yake ni sifa yake yeye. Haiwi hoja ya baba.

Basi, ewe mzee wetu, fanya mawili. Mdogo mpe namba yake na neno lake la siri, uketi kando yake, umwambie khofu zako zote, kisha umwache aandike kwa mkono wake. Na kwa mkubwa, nenda ukamwombe radhi. Usimwambie kwamba yalikwenda vyema. Mwambie kwamba ulikuwa na wajibu wa kumuuliza, na hukumuuliza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.