Maneno ya Ndani Juu ya Jukwaa

Kikundi cha vijana wapenda maigizo wa hapa Gatete, tarafani Rumonge, kiliniletea daftari la mchezo wao wa kuchekesha ili nisahihishe Kiswahili chake. Mchezo wahusu usiku wa kuamkia arusi: shangazi amemweka mwari chumbani, anamfunda mambo ya unyumba kwa maneno ya wazi kabisa, huku bwana arusi ametega sikio dirishani. Makosa ya sarufi niliyamaliza kwa jioni moja. Lililonisumbua wiki nzima ni swali hili: je, neno lililo la heshima chumbani laweza kuwa la aibu ukumbini?

Mama mmoja, aliyewafunda wari wengi tulipokuwa ukimbizini Tanzania, alinijibu bila kusita: "Mwalimu, maneno hayo nimeyasema mara nyingi wala sikuona haya. Lakini mkwe wangu akiyasikia, nami nimeketi humo humo, uso wangu nitauficha wapi?"

Wapo watakaosema kwamba mila imekataza, basi. Hoja hiyo haitoshi. Unyago ulikuwa siri ya wanawake. Hata hivyo marehemu Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi mashuhuri na vilevile aliipiga ngoma hiyo mbele ya hadhara. Ebrahim Hussein naye alipoandika Alikiona aliutumia mtindo wa vichekesho, ile michezo mifupi iliyopendwa mijini zama za ukoloni, akaonyesha hila za ndani ya ndoa waziwazi.

Wala kunyamaza si haya. Mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza mwaka 1993 vilitawanya jamaa; nimewaona wasichana walioolewa bila shangazi wa kuwafunda, wakaingia ndoani kwa hofu tupu.

Hata hivyo, nao wasemao kwamba sanaa haina mipaka hawajamjibu yule mama. Kwa maoni yangu, haya haimo katika neno lenyewe, bali katika kicheko: nani anacheka, na anamcheka nani? Chumbani kungwi hufanya mzaha ili mwari aondokewe na hofu. Kicheko ni dawa yake. Ukumbini, watazamaji wakimcheka mwari, mafundisho yale yale yamegeuka matusi, ijapokuwa halikubadilishwa hata neno moja.

Basi nikawashauri vijana waufunge mlango wa chumba. Watazamaji wamwone bwana arusi dirishani, ajionaye mjuzi, akiyapokea mafundisho nusu nusu na kuyaelewa upande. Shangazi naye aseme kwa mafumbo: kinu na mchi, mtumbwi na kasia. Mtu mzima atafumbua. Mtoto atasikia habari za uvuvi tu. Hivyo kicheko kitamwangukia mdukuzi, na siri ya mwari itabaki kwake.

Kijana mmoja alinung'unika kwamba nimeutia mchezo maji. Huenda ana haki, kwa maana fumbo halimfundishi asiyejua kitu. Kwa huyo, shangazi angali anahitajiwa, na jukwaa haliwezi kushika nafasi yake.

Ndugu walimu, nanyi mtaletewa madaftari ya namna hii. Kabla ya kulifuta neno, ulizeni kwanza: litakaposemwa, yule mama na mkwewe wataweza kuketi ukumbi mmoja, wacheke wote wawili?