Ramadhani 18: Risiti zilizotolewa kwenye gari



Ndugu zangu katika imani, alhamdulillah tumeamka tena tukiwa wafungaji. Tafakuri ya leo ni kuhusu kuuza na kununua gari lililotumika. Usicheke. Wengi wetu tutauza au kununua moja kabla ya Ramadhani ijayo, na wengi tunadhani mambo hayo hayagusi swaumu.

Siku chache nyuma, baada ya taraweh, ndugu mmoja alinisubiri mpaka watu wakatoka. Ameniruhusu nieleze kisa chake bila jina, huenda kikamfaa mwingine.

Alikuwa na Noah ya zamani. Ilichemsha njiani mara mbili. Fundi akafungua injini, akabadilisha gasketi ya sinda hedi, akamwambia, "Hii itakusogeza, lakini usiiamini sana." Risiti za gereji aliziweka kwenye kisanduku cha dashibodi, pamoja na vile vikadi vya kubadilisha oili. Baadaye akaamua kuliuza. Asubuhi ambayo mnunuzi anakuja kukagua, akatoa karatasi zote akazichana. Injini ikaoshwa, ikang'aa.

Mnunuzi akauliza, "Kaka, karatasi za sevisi zipo?"

Akajibu, "Hapana, sina."

Na kweli, saa ile hakuwa nazo.

Mnunuzi alitaka gari la kubeba wanafunzi, ndiyo kazi aliyoitegemea. Miezi miwili baadaye injini ikafa. Na hawa wawili wanaswali msikiti mmoja. Yule ndugu akaniambia, "Ustadh, kila tukimaliza swala ananipa mkono. Ananiomba nimwombee, anasema labda yeye ndiye aliyeiendesha vibaya. Mimi sikumdanganya hata neno moja. Lakini futari hainipiti kooni. Funga yangu ikoje?"

Tumrejee Mtume (s.a.w.) sokoni. Abu Hurayra (r.a.) amesimulia, na imo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume alipita kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali. Akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona. Kisha akajitenga na mwenye kughushi.

Sasa angalia vizuri. Yule muuzaji hatuelezwi kuwa alisema uongo. Na mvua hakuileta yeye. Kosa lake ni mahali alipokiweka chakula kilicholowa: chini, mkono wa mnunuzi usipofika. Ndugu yetu naye hakuileta hitilafu ya injini. Aliishusha tu chini ya lundo, kisha akasema "sina".

Kuna na hadithi nyingine, katika Bukhari na Muslim, ya mnyama anayeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mtume alikataza, na akampa mnunuzi haki ya kumrudisha akishagundua. Ngamia na kondoo wale ndio magari yetu ya leo. Injini inaoshwa ili uvujaji usionekane, oili nzito inatiwa ili mlio upoe, kilomita zinarudishwa nyuma. Kiwele ni kilekile.

Sasa tusichanganye mambo. Karatasi kukosekana si dhambi. Magari yetu mengi yametoka Japani, yamepita mikono mitatu, minne, na hakuna aliyetunza kumbukumbu. Kama hujui, sema hujui, na useme mpaka wapi unajua: "Nimekaa nalo miaka 2. Oili nimebadilisha kwa wakati. Mkanda wa taiming sijui ulibadilishwa lini." Mkanda ule kwa kawaida hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ukikatika gari linazima hapohapo barabarani. Mnunuzi akijua kuwa hujui, ataweka pesa ya mkanda mpya pembeni kabla hajakupa bei. Umemsaidia bila kutoa hata shilingi.

Utasema, "Ustadh, nikisema yote hayo bei itashuka." Ndiyo, itashuka. Hiyo ndiyo bei ya gari lako. Ile iliyozidi ulikuwa unamuuzia mwenzako ukimya.

Wengine tumezoea kusema, "Nauza kama lilivyo, kagua mwenyewe." Wanazuoni wamejadili sana sharti hilo linamwondolea muuzaji dhamana kiasi gani. Lakini aibu unayoijua, ukaificha makusudi, dhambi yake haifutwi na maneno hayo. Na dalali anayejua ana sehemu yake pia.

Na wewe mnunuzi, njoo na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Omba injini iwashwe ikiwa ya baridi. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari. Uliza wazi: limewahi kuchemsha? Limewahi kugongwa? Hiyo si dhana mbaya, ni kulinda mali ya familia yako. Ila nawe usizushe kasoro ambazo hazipo ili uivunje bei. Ghushi ina pande mbili.

Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwa Mtume kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka hufutwa. Pesa ya Noah ile iliingia mfukoni, ndugu yetu anasema hata hajui ilikwenda wapi.

Nilimjibu hivi. Funga yako haijabatilika, usiache kufunga. Lakini imo katika Bukhari kwamba Allah hana haja na njaa na kiu ya mtu asiyeacha uongo na kuutenda. Na hili la kwako si dhambi baina yako na Mola wako peke yake, ni haki ya mja. Istighfari peke yake hailipi deni la mtu. Mwendee. Mwambie kuhusu zile risiti. Mpe nafasi achague: mrudishiane gari na pesa, au abaki nalo umlipe tofauti ya bei, au akusamehe. Mkishindwana hesabu, tafuteni mwenye elimu awasuluhishe. Usianze kwa kuomba msamaha ili asidai. Anza kwa ukweli.

Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Akinichukia je?" Nikamwambia, leo anajichukia yeye mwenyewe kwa kosa lako.

Amekwenda. Kilichosemwa huko ni chao wawili.

Kazi yetu ya leo kabla ya futari: kila mmoja akumbuke kitu alichouza huku ana neno amelimeza. Gari, simu, kiwanja, hata mbuzi. Kama lipo, mtu huyo bado unaweza kumpata. Yale makaratasi tunaweza kuyachana, daftari la Malaika halichaniki.

Ewe Mola, tupe riziki ya halali, na utupe ujasiri wa kurudisha kisicho chetu kabla ya siku ambayo hakutakuwa na pesa za kurudisha. Aamin.

Swaumu maqbul. Mfikishie na mwenzako.