Kuamua na Kupatanisha

Ewe kijana msomaji, yafaa ulipime neno kabla ya kulitumia. Kuamua ni kutenga: awatengaye wawili walioshikana mashati ameamua, na hakimu akatapo shauri ameamua pia. Lakini kupatanisha kumetokana na kupata. Maana yake ni kuwafanya watu wapatane, kila mmoja ampate tena mwenziwe.

Tazama Kangemi, kando ya Barabara ya Waiyaki, ambako Mluhya, Mkikuyu na Mkamba huishi katika ua mmoja na kuteka maji katika bomba moja. Wapangaji wawili wakigombea zamu ya maji, mwenye nguvu aweza kuwaamua mara moja. Je, kesho watasalimiana? Hapo ndipo ahitajiwapo mzee wa kusikiliza huku na huku bila upendeleo. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, yataka mahakama zihimize upatanisho.

Lakini jihadhari: mapatano yasiyo na haki ni kumnyamazisha mnyonge tu. Aliyeibiwa hapatanishwi na mwizi kabla hajarudishiwa mali yake. Basi amua kwanza lililo kweli, ndipo upatanishe. Wagombanao ndio wapatanao, iwapo haki imetangulia.