Saa Iliyopindika

Saa ni chombo cha kupimia wakati, na kwa kazi hiyo umbo la duara lafaa kuliko mengine, maana mishale yake huzunguka. Basi kwa nini wako watu wenye mali waipendao zaidi saa iliyoacha umbo hilo?

Mwaka 1967 Cartier ya London ilitoa saa ya dhahabu iitwayo Crash. Uso wake umepindika mithili ya embe lililokaliwa; tarakimu za Kirumi zimevutwa huku, zimebanwa kule. Walakini mishale yake huzunguka sawasawa na ya saa yoyote. Kwa hiyo aliyeupinda uso ule hakuwa huru: kila tarakimu ilibidi ikae pale mshale unapoelekea, ama sivyo saa ingesema uongo. (Sisi tusemao Kiswahili tusiicheke mno. Mshale mfupi ukielekea saba, twasema ni saa moja, wala hatupotei.) Kupinda umbo bila kuvunja ukweli ni kazi ya akili na subira. Mtu akiipenda saa hiyo kwa ajili hii, simlaumu.

Lakini saa zile zilitengenezwa chache mno. Mwaka 2022 moja ya zile za 1967 iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani zipatazo 1,500,000. Bei hiyo si ya dhahabu, wala si ya usahihi, kwani saa rahisi ya betri hushika wakati vizuri kuliko saa ya kutiwa ufunguo. Kilicholipiwa zaidi ni uchache. Nao uchache, ukiufikiri sana, haumo ndani ya saa hata kidogo. Ni habari za saa nyingine ambazo hazikutengenezwa. Tuseme kesho maduka yote yamejaa Crash. Aliyependa ule mpindo ataendelea kuitazama yake kwa furaha. Aliyependa kuwa nacho asichonacho mwenziwe ataifungia kabatini.

Mfano upo. Mwaka 1957 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilitoa Ventura, saa ya betri yenye umbo la pembetatu. Elvis Presley aliivaa katika filamu ya Blue Hawaii ya mwaka 1961. Ventura hutengenezwa hata leo, na bei yake dukani ni ndogo mno kando ya ile ya mnadani. Wako waisifuo umbo lake, kisha huongeza kwa masikitiko kwamba yeyote mwenye fedha kiasi aweza kuipata. Ningependa kuwauliza wanasikitikia nini.