Maji Yatokayo Chini

Masomo: Mwanzo 7:11 na Kumbukumbu la Torati 22:8

Wapenzi Wakristo wa mtaa wetu,



Mtu akisoma habari za Nuhu upesi upesi, hukumbuka mvua tu. Lakini angalieni vizuri mlango wa saba. Kabla ya kutaja madirisha ya mbinguni, Maandiko yanataja kwanza chemchemi za vilindi. Gharika ilianza chini, ndipo ikaja na ya juu. Mimi nimeuhubiri mlango huo miaka mingi, wala sikuliona neno hilo mpaka siku nilipoingia nyumbani kwa mama mmoja mjane, katika kijiji kimoja cha mwambao.

Ilikuwa mwezi wa sita. Mvua ilikuwa imekwisha, jua linawaka, na dagaa wameanikwa mchangani. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia. Sakafu ilikuwa laini kama ugali usioiva. Uvunguni mwa kitanda maji yalikuwa yamesimama, tena safi. Kizingiti cha mlango kilikuwa kikavu kabisa. Mama akaniuliza, "Baba Mchungaji, maji haya yameingilia wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaomba pamoja naye, nikanywa uji wake, nikaenda zangu. Baada ya majuma mawili ukuta wa nyuma ukaanguka usiku. Mungu ni mwema, watoto walikuwa wamelala chumba cha mbele. Lakini nawaambia kweli, sala yangu ya siku ile hunisumbua mpaka leo. Haikuwa mbaya kwamba niliomba. Ubaya ni kwamba nilipokwisha kusema Amina, sikumwambia ahame.

Sasa jibu la swali lake nimelipata, nami nataka kila mtu alijue. Watoto wetu wanalijua tayari, maana wanapocheza pwani huchimba vishimo mchangani, na maji huja yenyewe, yakasimama karibu sawa na ziwa. Ardhi yote ya tambarare iliyo karibu na ziwa iko hivyo. Chini ya nyumba, chini ya michikichi, chini ya kanisa, kuna maji yaliyounganika na ziwa. Ziwa likipanda, nayo hupanda ndani ya udongo, polepole, bila kelele, hata nyuma ya ukuta wa mawe. Ndiyo maana viroba vya mchanga vilivyopangwa pwani havikumsaidia yule mama. Kisha tofali mbichi huyanyonya maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Ukuta huonekana mzima kwa juu, lakini miguu yake imekwisha kuwa tope. Wengine wamechimba mifereji. Mfereji ni kitu chema kwa maji ya mvua yatokayo mlimani, lakini kwa maji haya hauna kazi, kwa sababu maji hutaka mahali pa chini pa kwenda, na mahali petu pa chini ni ziwa lenyewe, nalo limejaa.

Je, hili ni jambo jipya? Hapana. Nendeni Ujiji mkaone ukumbusho wa mahali ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871. Wageni huuliza mbona ziwa liko mbali na hapo. Halikuwa mbali wakati ule. Mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa ziwa letu, ulioko Kalemie upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Mwingereza Cameron aliuona umezibwa mwaka 1874. Maji yakapanda mpaka mwaka 1878, ndipo kizuizi kikavunjika. Hore, baharia aliyekuja Ujiji mwaka ule pamoja na wamisionari wa London, alikwenda Lukuga mwaka 1879 akaona maji yakitoka kwa nguvu. Kabla karne ile haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka zaidi ya mita 10. Mashamba na viwanja vingi tunavyoviita vya baba zetu vilikuwa maji siku zile.

Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, na mwaka 1964 ziwa likapanda tena, karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Likashuka. Miaka ya 2000 kilio kilikuwa cha namna nyingine, kwamba ziwa linakauka, na watu wakashuka nalo, wakajenga pale maji yalipoondoka. Halafu tangu mwaka 2020 ndugu zetu wa Gatumba, karibu na Bujumbura, wakafukuzwa na maji mara kwa mara. Uvira na Kalemie vivyo hivyo. Mwaka 2024 ziwa likafika karibu kabisa na kile kipimo cha 1964. Wala msidhani hushuka upesi kama mto. Lukuga hutoa maji kidogo tu. Sehemu kubwa huondoka kwa kukaushwa na jua. Likijaa kwa mvua za miaka kadhaa, hutaka miaka mingi kupungua.

Hapa nataka tuliangalie lile somo la pili. Torati inamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Huko dari zilikuwa bapa, watu wakikaa juu yake jioni. Sisi hatukai juu ya bati. Lakini fikirini maana yake. Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo aulize nani alaumiwe. Alisema kabla ya msiba, naye alisema na mjenzi. Mwenye kujua hatari ya nyumba ndiye mwenye deni.

Yule mama alinunua kiwanja chake. Aliyemuuzia ni Mkristo, msomaji wa gazeti hili. Sitamtaja, maana nilimwendea kwanza peke yake kama Bwana alivyoagiza. Nikamwuliza kama alijua habari za mahali pale. Akasema anajua, yeye alikuwa mtoto mwaka 1964, na baba yake aliwabeba usiku kutoka mahali palepale. Nikamwuliza mbona hakumwambia mnunuzi. Akajibu, "Mchungaji, yeye hakuuliza."

Ndugu zangu, neno hili nimelichukua moyoni muda mrefu. Hakuuliza! Angeuliza namna gani mtu aliyetoka mbali, aliyeona mchanga mkavu na mwembe mzuri? Lakini kabla hatujamhukumu mtu huyu, na tujiulize. Wazee wangapi mnajua maji yalifika wapi mwaka ule, nanyi mmewatazama vijana wakijenga mkanyamaza? Na mimi, je, nilibariki nyumba ngapi kwa Kitabu cha Sala mkononi bila kuuliza habari ya msingi?

Jambo la vyoo linaonewa haya katika gazeti la Kanisa, lakini Torati haikuona haya. Mlango wa ishirini na tatu wa kitabu kilekile unaagiza kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, afukie. Sisi twachimba choo mwezi wa kumi, ziwa likiwa chini, shimo kavu, tukafurahi. Ziwa letu huwa juu kabisa mwezi wa nne na wa tano, na chini kabisa mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Kwa hiyo achimbaye Oktoba apime kwa maji ya Mei. Inafaa sakafu ya shimo ibaki kama mita 2 juu ya maji yanapokuwa yamepanda sana, na choo kiwe mbali na kisima, angalau hatua arobaini, tena upande wa chini. Maji yakiingia chooni kwa chini, yale yaliyomo hayakai tena. Yanatembea. Yanakwenda kisimani kwa jirani, naye anateka asubuhi na kumshukuru Mungu.

Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, kipindupindu kiliwashika watu kama 3,000, na zaidi ya 30 wakafa. Sisi hatukai katika msongamano wa namna ile. Lakini ugonjwa ni uleule, na njia yake ni ileile, choo na maji ya kunywa vikikutana. Basi mahali ambapo maji ya Mei yako karibu na uso wa ardhi, msichimbe kabisa. Mwiteni Bwana Afya awaonyeshe choo kilichojengwa juu ya ardhi, chenye ngazi, na chumba chake kimesakafiwa kisivuje. Na maji ya kisima kilichopanda yachemshwe, hata yakiwa meupe kama machozi.

Nimesikia wengine wakisema, wahameni basi, sheria ipo. Ni kweli, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa huvui. Mvuvi akilala mbali na mwalo, mtumbwi na nyavu zake analindiwa na nani? Tena wengine waliohama kwa hofu wamejenga ndani ya makorongo, ambako maji ya mlimani yatawafuata. Mimi naona kazi na ibaki mwaloni, mitumbwi, vichanja vya dagaa, vibanda vya nyavu, na walinzi wapokezane zamu. Lakini watoto walale juu. Juu kuna mwenyewe. Kila kipande cha mwinuko kina mwenyewe, na kimoja ni chetu.

Nasema juu ya kiwanja cha Kanisa chenye michikichi. Mawese yake ndiyo yaliyotengeneza paa la kanisa, na Wazee wa Kanisa wana haki ya kukilinda. Uamuzi ni wa Halmashauri, si wangu. Lakini nitasimama mbele yao niombe nusu yake wapewe wale ambao nyumba zao zimeloa, wakae mpaka ziwa lishuke, wawe Waanglikana au wasiwe. Maji hayakuuliza dini ya mtu. Kama watakataa, nitatii, nami nitaomba tena mwaka ujao.

Kazi nyingine haihitaji Halmashauri. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutapita visima vyote vya kijiji, tupime maji yako chini kiasi gani, tufunge fundo katika kamba ya kila kisima, na katibu aandike kitabuni. Tutafanya hivyo kila mwezi. Fundo likianza kupanda mfululizo, tutajua kabla ya kuta kujua, na habari tutazipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Shehe amekubali kutangaza baada ya sala ya Ijumaa, maana visima ni vyao pia. Umoja wa Mama watakuja na uji. Wazee wanaokumbuka mwaka 1964 tunawaomba waje watuonyeshe maji yalipofika, nasi tutapaka chokaa kwenye miti. Wawili hawawezi kutembea. Vijana wa kwaya watawaleta kwa baiskeli.

Yule ndugu aliyeuza kiwanja nimempelekea habari. Alikuwa mtoto, lakini anakumbuka vizuri kuliko wengi. Hajanijibu.

Tutaanzia kisima cha karibu na shule, saa mbili asubuhi. Mwenye kamba ndefu aje nayo.

Mchungaji wenu